Kodi ya Bahati ya Lukumani

Nimecheka mara nyingi maishani mwangu, lakini kuna kicheko kimoja nilichochekeshwa kwa nguvu, kama mtoto anavyobanwa pua anyweshwe dawa. Kilinikaa kooni mwaka mzima. Aliyenichekesha ni Lukumani, mcheza karata wa Mtendeni, hapa hapa Tabora, na alinichekesha sebuleni kwake huku cherehani yangu ikiwa mbele ya macho yangu, imewekwa juu ya stuli na kufunikwa kitambaa cha maua.

Cherehani ile ilikuwa ya mkono, nyeusi, na mpini wake ulikuwa umelainika kwa kiganja changu. Baba yangu aliinunua kwa kiinua mgongo cha reli. Alikuwa Mzaramo wa Kisarawe aliyekuja huku na genge la kutandika mataruma, akaoa, akanizaa mimi Tatu, na alipoona anakufa akaniambia, "Mwanangu, mume anaweza kukuacha, sindano haikuachi." Bi Amne, mama wa Kiarabu aliyeshonea maharusi wa mji mzima, akanifundisha kukata na kupiga pindo. Tangu hapo sikumwomba mtu chumvi. Nilishona kanzu, nilishona magauni ya watoto wa Kikatoliki wanaokwenda kupokea Komunyo, nilishona sare za shule. Watu wakipita barazani kwangu na kusikia mpini unazunguka walijua Tatu yupo.

Mume wangu Masolwa hakuniacha. Alifanya vibaya zaidi. Nilikuwa nimekwenda Igalula kumuuguza shangazi yake, shangazi yake yeye, si wangu, na huku nyuma siku ya mshahara akakaa na Lukumani kwenye mkeka. Mshahara ukaenda. Koti likaenda. Lukumani akamwambia, "Masolwa rafiki yangu, usiondoke na huzuni. Weka cherehani, ukishinda unachukua vyote." Masolwa akaja nyumbani, akaibeba cherehani kichwani mchana kweupe, akaenda kuiweka. Nilipotelemka kwenye treni na kufika nyumbani nilikuta kijimeza changu kitupu, na mume wangu ameketi kando yake, mikono ameibana katikati ya magoti.

Kwa Masolwa kisasi kilikuwa rahisi. Mwezi mzima nilimpikia ugali, nikamwekea pembeni bakuli la maji ya moto yenye chumvi, nikamwambia hiyo ndiyo mboga anayoweza kuipata fundi asiye na cherehani. Alikula, akapata akili kidogo. Lakini Lukumani hakuwa mume wangu, na bakuli langu lisingemfikia.

Kwake nilikwenda kwa adabu. Nilivaa kanga mpya, nikapiga hodi, na mkewe Siwema akanipa kigoda. Sebule ilikuwa imejaa wanaume, baadhi wakicheza na wengine wakitazama. Nikasema, "Shemeji Lukumani, mali uliyopewa haikuwa ya aliyekupa. Ile ni ya marehemu baba yangu. Nirudishie, nami nitakushonea wewe, mkeo na wanao, mpaka wewe mwenyewe useme basi."

Lukumani akaweka karata zake chini, akainua mikono juu na kupaza sauti. "Jamani, mwoneni Mzaramo huyu! Mtani wangu! Miaka yote mnatupora kwenye misiba yetu, mnalala makaburini hamtoki mpaka mlipwe. Leo sisi tumepora kitu kimoja tu, unakuja na uso wa kesi? Nimekupora kwa utani, mtani wangu. Cheka basi!"

Asiyejua utani wa Wazaramo na Wanyamwezi haijui njia ya misafara. Mababu wa Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka huku hadi Bagamoyo, wakapita kwetu, wakachokozana na babu zetu weee mpaka wakachoka na kupatana. Tangu hapo mtani anaweza kukutukana, kukuvua kofia, hata kusimamisha maziko, nawe ruhusa ya kukasirika huna. Unaweza kumjibu, unaweza kumpita kwa maneno. Ukikasirika umeshindwa, na habari yako itasimuliwa mpaka kwa wajukuu.

Macho yote ya sebule ile yakanigeukia. Wengine walikuwa wameshaanza kutabasamu, wakiningoja. Nikacheka. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na Lukumani akapiga makofi akisema, "Huyo ndiye mtani!" Siwema peke yake aliinamisha uso. Nilitoka, na nilipofika kona ambapo hawanioni nilitema mate chini, nikaapa kwa jina la baba yangu kwamba Lukumani naye atacheka. Atacheka vile vile, mbele za watu, huku kitu kikimtoka mikononi. Watu wa dini wameniambia tangu siku ile kwamba nisamehe. Wao hawakuchekeshwa.

Mwaka ukapita. Nilirudi kwenye sindano ya mkono, na kanzu niliyokuwa nikiimaliza kwa siku moja sasa ilinichukua juma. Wateja wa maana wakahamia kwa mafundi wa madukani. Mimi nilibaki na viraka, vifungo na suruali zilizopasuka matakoni. Kilichoniuma zaidi ni kwamba cherehani yangu haikufanya kazi yoyote kule ilikokuwa. Siwema hakujua hata kutia uzi. Ilikaa tu juu ya stuli, pambo la sebule, ili kila mgeni aulize na Lukumani apate kusimulia jinsi alivyompora mtani wake.

Ndipo Serikali ya Mwingereza ikabadili kodi. Zamani kila mwanamume alilipa kodi ya kichwa, sawa kwa sawa, mwenye nyumba ya bati na mwenye nyumba ya nyasi. Sasa ikatangazwa kwamba kila mtu atalipa kadiri ya kipato chake, na wazee wa mji watakaa baraza pamoja na karani na Bwana Shauri, yule ofisa wa Kiingereza wa boma, wamwite mtu mmoja mmoja, waulize kazi yake na kumpangia daraja. Mji ukaingia hofu. Wenye maduka wakaanza kulalamika biashara mbaya, na wenye ng'ombe Nzega wakasema ng'ombe ni wa mjomba.

Karani wa kodi aliitwa Tobias, kijana Mkatoliki aliyesoma, mpole, suruali yake moja tu. Siku moja alipanda baiskeli vibaya suruali ikapasuka, akaja kwangu. Nikampa kikoi cha Masolwa akajifunga, akakaa kwenye kigoda magoti yakiwa nje, akingoja nishone. Karani asiye na suruali huzungumza vizuri kuliko karani aliye mezani. Nikamuuliza, "Mwanangu Tobias, na pesa ya karata je? Nayo inakatwa kodi?"

"Mama, hilo swali Lukumani ameshaniuliza," akasema. "Kaja mara ya kwanza, kaja mara ya pili, mara ya tatu kaniletea jogoo. Jogoo nimemrudisha."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimjibu ukweli. Mtu akicheza na rafiki zake, akabahatika, ile si kipato. Leo kapata, kesho kakosa, ni sawa na mtu aliyeokota shilingi njiani. Serikali haiwezi kumkata kodi mtu kwa kuokota. Lakini mtu akiifanya ndiyo kazi yake, ana ujuzi nayo, anaifuata kila siku, inamlisha yeye na watoto, hiyo ni kazi kama hii yako ya kushona. Huyo atalipa."

"Na Lukumani ni yupi kati ya hao?"

Tobias akacheka kidogo. "Kila mtu anamjua ni yupi. Lakini nani atathibitisha? Tangu nimwambie vile, akifika popote anasema bahati, bahati, Mungu tu kanibahatisha. Akishika msimamo huo barazani, nitamwandika mkulima wa mihogo na atalipa kama mkulima wa mihogo."

Nilijichoma sindano kidoleni. Si kwa hasira, bali kwa furaha, kwa kuwa nilimfahamu Lukumani kuliko Tobias alivyomfahamu. Kulikuwa na fundi mmoja wa karakana ya reli, jina lake Jilala, ambaye aliwahi kufungwa na Lukumani kwenye karata, na alipokuwa akinyanyuka akanung'unika, "Umebahatika tu leo." Lukumani alimsukumia Jilala pesa zake zote alizoshinda, akamlazimisha akae wacheze upya, akamfunga tena, halafu akamuuliza, "Hiyo nayo ni bahati?" Mtu wa namna hiyo anaweza kusema neno bahati kwa kinywa chake mwenyewe, kwa hila. Kulisikia kinywani mwa mwingine hawezi.

Nikamaliza suruali ya Tobias, nikakataa malipo. Alidhani nimemhurumia.

Siku ya baraza ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Mezani walikaa watatu. Katikati alikuwa Mzee Twalibu, mkuu wa wazee wa kodi, mtu wa maneno machache aliyemjua kila mtu mjini na baba yake. Kushoto kwake Tobias na kalamu. Kulia Bwana Shauri, kijana wa Kiingereza mwenye magoti yaliyobabuka kwa jua, aliyejitahidi sana kuelewa. Mwenye duka aliingia analia, akatoka analia kweli. Mchuuzi wa nta aliulizwa mizinga yake, akaanza kuhesabu akasahau, jirani yake akamkumbusha, nusura wapigane.

Lukumani alipoitwa aliingia amevaa kanzu iliyochanika begani. Alinyenyekea, akawaamkia wazee kwa sauti ya mgonjwa.

"Kazi yako?" Tobias akauliza.

"Mkulima, bwana karani. Nina kishamba cha mihogo."

Watu wakaguna. Mzee Twalibu akasema, "Nyumba yako ina bati."

"Ndiyo, mzee wangu."

"Una baiskeli, na ng'ombe kwa ndugu zako kule Nzega."

"Ndiyo, mzee. Mungu ni mkubwa. Siku mojamoja nacheza karata na rafiki zangu, barazani, kupoteza wakati, na Mungu hunibahatisha. Leo napata, kesho nakosa. Bahati si kazi, mzee wangu. Hata bwana karani analijua hilo."

Tobias akamnong'oneza Bwana Shauri kwa Kiingereza. Bwana Shauri akatikisa kichwa kukubali. "Ni kweli," akasema. "Serikali haikati kodi bahati ya mtu. Kama ni bahati tu, andika mihogo yake."

Ukumbi ulinong'ona kwa uchungu. Watu waliokuwa wamelia mbele ya meza ile kwa ajili ya mizinga na vibanda vyao walimwona Lukumani anaponyoka hivi hivi. Tobias akachovya kalamu kwenye wino. Nami nikasimama.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba," akajibu Mzee Twalibu. "Binti wa Mzaramo, una neno?"

"Nina neno la mtani."

Ukumbi mzima ukajiweka sawa. Bwana Shauri akauliza mama huyu anataka nini, Mzee Twalibu akamjibu, "Huyu ni mtani wake, Bwana. Mtani hazuiwi hata msibani." Bwana Shauri akatazama saa yake, akasema nifanye upesi.

"Nimekuja kumtetea," nikasema. "Bwana, Lukumani anasema kweli tupu, msimkate kodi hata senti. Mimi ni shahidi. Mume wangu alifungwa na mtu huyu, na yeye mwenyewe alishangaa kwamba ameshinda. Ni bahati. Hata kuku kipofu huokota punje, tutamkata kodi kuku?"

Watu wakacheka. Lukumani naye akatabasamu, akaitikia kwa kichwa. "Kweli kabisa, mtani. Asante."

"Na mtamkata kodi Mnyamwezi kwa kazi ya kichwa? Kichwa cha Mnyamwezi kazi yake ni kuweka mzigo juu, ndani hakuna chumba. Babu zake walifika pwani na pembe, wakaona bahari, wakaionja wakidhani togwa. Karata zililetwa huku na watu wa pwani. Hawa walipewa tu waziangalie picha."

Kicheko kilivuma mpaka madirishani, na Wanyamwezi wenyewe ndio waliocheka zaidi. Lukumani akanijibu kama mtani anavyopaswa kujibu. "Na Mzaramo ukimpa jembe anakuuliza ngoma inachezwa wapi. Lakini umesema vema, mtani. Bahati tu."

"Bahati tu," nikaitikia. "Fundi Jilala wa karakana umemfunga kwa bahati. Wale wa genge la reli umewafunga kwa bahati. Mwenyewe nimesikia vijana wakisema Lukumani hajui hata turufu ngapi zimetoka, anafumba macho, anaitupa karata na kuomba dua."

"Vijana gani?" akauliza, na ile sauti ya mgonjwa ilikuwa imemwisha.

"Vijana tu. Usijali. Kubahatika si aibu, ni riziki ya wajinga."

Nilimwona analimeza jibu lake kama yule jogoo aliyerudishiwa na Tobias, mzima mzima na manyoya yake. Nikajua limebaki neno moja tu, nikalisema polepole, kwa upole, huku nikimgeukia Mzee Twalibu.

"Wazee wangu, mchezaji alikuwa marehemu baba yangu. Yule ndiye aliyezijua karata. Akikaa mkekani anazikumbuka zote, zilizotoka na zilizobaki. Tabora hii haijapata mchezaji tena tangu alipokufa. Siku hizi wamebaki waokotaji."

"Baba yako?" Lukumani akapiga kelele. "Baba yako nilimfunga mimi! Nilikuwa bado kijana, nikamfunga mpaka akavua fulana!"

"Bahati," nikasema.

"Si bahati!"

"Bahati, mtani. Umesema mwenyewe mbele ya Bwana."

Akaigeukia hadhira. "Nani ana karata hapa? Nani ana karata? Jilala, usijifiche, najua unazo!" Jilala akazitoa mfukoni mwa koti la kazi, zimechakaa pembe zote. Lukumani akazichanganya kwa vidole ambavyo havikuwahi kushika mhogo, akamgawia Jilala nusu, akamwambia azitupe mezani moja moja, upesi, kisha azifunike. Jilala akazitupa mbele ya Bwana Shauri. Kopa, shupaza, uru, pau, zikapita kasi mpaka mimi nikachanganyikiwa. Lukumani akafumba macho. Akaanza kuzitaja zile zilizobaki, zilizokuwa zimelala kifudifudi, na kila aliyoitaja Jilala aliitafuta na kuiweka wazi mezani. Ree ya kopa. Saba ya uru. Bibi wa shupaza. Hakukosea hata moja, na ilipobaki ya mwisho aliitaja, kisha akamwacha Bwana Shauri aifunue mwenyewe.

Bwana Shauri alibaki ameishika ile karata.

"Hiyo ni bahati?" Lukumani akapaza sauti, mishipa ya shingo imesimama. "Nimejifunza hii kazi tangu sijaota ndevu! Sijashika jembe tangu nioe. Kila siku ya mshahara mimi niko karakana, niko Igalula, niko popote reli inapolipa. Bati langu limetoka hapa. Baiskeli imetoka hapa. Watoto wangu wanakula kutoka hapa!" Akajipigapiga paji la uso. "Mwokotaji! Mimi, mwokotaji?"

Alikuwa amenigeukia mimi, akiningoja nijibu. Nilikaa chini, nikaweka mikono mapajani. Ikasikika kalamu ya Tobias ikigusa ukingo wa kidau cha wino.

"Andika," akasema Bwana Shauri. "Kazi yake: mcheza karata."

Lukumani akageuka polepole. Nilimtazama uso wake ukifahamu, kidogo kidogo, kuanzia machoni mpaka kidevuni. "Bwana," akasema, "Bwana, huu ulikuwa utani. Huyu ni mtani wangu. Tulikuwa tunataniana."

"Utani ni maneno yake yeye," Mzee Twalibu akasema. "Karata umezitaja wewe." Akawainamia wazee wenzake, wakanong'ona. Walimpanga daraja la juu, pamoja na wenye maduka, na miongoni mwa wale waliokuwa wamelia hapakuwa na aliyemhurumia.

Alipopita mbele yangu kutoka nje nikamwambia, "Usikasirike, mtani." Hakucheka. Alipita. Nami nikajua kwamba deni bado halijaisha.

Kodi peke yake isingemwangusha Lukumani. Mtu wa vidole vile angeilipa kwa mishahara ya wanaume wachache. Lakini kulikuwa na jambo ambalo hata mimi sikuwa nimelipigia hesabu nilipokuwa nikitema mate kwenye ile kona. Wanaume walikuwa wakikaa mkekani na Lukumani kwa sababu waliamini bahati huhama. Leo kwake, kesho kwangu. Hata Masolwa wangu aliweka cherehani kwa imani hiyo. Sasa mji mzima ulikuwa umemwona amefumba macho akizitaja karata zilizofunikwa. Nani angeweka shilingi yake mbele ya mtu yule?

Mwisho wa mwezi alikwenda karakana, Jilala akamwambia, "Mwalimu, sisi tunacheza wenyewe kwa wenyewe." Akapanda treni mpaka Igalula. Habari ilikuwa imepanda treni kabla yake. Watu wa genge walimkaribisha chai, wakamwomba awaonyeshe ule mchezo wa kutaja, wakapiga makofi, na hakuna aliyetoa pesa. Kamari ikamfia mikononi, na kodi ya kamari ikabaki inamngoja bomani, kwani alishaandikwa, na aliyeandikwa hulipa au hufungwa. Akauza baiskeli. Akauza ng'ombe wa Nzega. Mazao ya mihogo alikuwa hana, kwa kuwa kishamba chenyewe kilikuwa cha mdomoni.

Ikabaki cherehani. Alijaribu kuiuza kwa mafundi wa madukani, nao waliijua ya nani. Fundi mmoja alimwambia wazi kwamba hashonei watu nguo kwa kilio cha mtu. Akampelekea Bi Amne, naye akamfungia mlango akiwa bado amesimama barazani.

Kwa hiyo alikuja kwangu. Ilikuwa adhuhuri, siku ya soko, na Mtendeni ilikuwa imejaa watu. Nilikuwa barazani nikipiga kiraka. Nilimwona tangu mwisho wa mtaa, cherehani kichwani juu ya kata ya kitambaa, kile kile kilichokuwa kimeifunika, kile cha maua. Jasho lilikuwa likimtiririka masikioni. Watu waliomwona waliacha walichokuwa wakifanya wakamfuata nyuma, kwa maana Tabora haikosi watu wa kufuata.

"Hodi, shemeji," akasema.

"Karibu, mpagazi. Tua mzigo, shingo isije ikaingia kifuani."

Watu wakacheka. Akaitua juu ya kijimeza changu kitupu, polepole, kisha akasimama akijifuta uso. Alikuwa amekonda. Akasema kwa sauti ya chini, "Shemeji Tatu, siku za kodi zimebaki chache. Nimekuletea wewe kwanza kwa kuwa ni ya marehemu. Nipe chochote. Nusu ya bei. Robo. Wasije wakanichukua."

Masolwa alitokea mlangoni. Aliniangalia, na macho yake yaliniomba nimpe yule mtu kitu. Nilikuwa na pesa kidogo ndani, za viraka vya mwaka mzima. Sikumtazama Masolwa mara ya pili.

Niliweka mkono wangu juu ya cherehani. Mpini ulikuwa na vumbi. Kisha nikainua mkono wa pili juu, kama alivyoinua yeye sebuleni kwake, nikapaza sauti mtaa mzima usikie.

"Jamani, mwoneni Mnyamwezi huyu! Mtani wangu! Amebeba mzigo mpaka barazani kwa Mzaramo, kama babu zake, na anaomba alipwe! Nimekupora, Lukumani. Nimekupora kwa utani. Cheka basi!"

Macho yote yalimgeukia, na wengine walikuwa wameshaanza kutabasamu, wakimngoja. Aliniangalia. Kwa kitambo nilidhani atanipiga. Ningefurahi angenipiga, kwani mji ungemzika siku ile ile. Akawatazama watu, akatazama cherehani, akanitazama tena.

Akacheka. Alianza kidogo, kooni, kisha kikatoka chote, akacheka mpaka machozi yakachanganyika na jasho, na watu wakapiga makofi na kusema huyo ndiye mtani. Mimi sikucheka naye. Nilimtazama mdomoni tangu mwanzo mpaka mwisho, nikimsubiri amalize.

Alipomaliza akaondoka. Nikachukua kile kitambaa cha maua nikapangusa vumbi. Nikaketi, nikatia uzi.